Andika Sifuri, Shika Moja: Shajara ya Meza ya Vizazi, Lubumbashi

Jumamosi, 6 Septemba

Wiki ya kwanza ya shule imekwisha na tayari nimechoka na ubao wangu mwenyewe. Kila mwaka vizazi vya kompyuta navifundisha vilevile: cha kwanza lampu (za redio za zamani, si za kumulika), cha pili transista, cha tatu saketi unganifu, cha nne mikroprosesa. Watoto wananakili, wanakariri, wanapata nane juu ya kumi. Kesho yake ukimuuliza mmoja transista ni nini, anakujibu ni redio. Si kosa lake. Kwao redio ndogo ya betri imeitwa transista tangu enzi za babu.

Mchana mimi ni mwalimu, jioni ni fundi. Kibanda changu kiko komine ya Kenya (walio mbali wasichanganye: ni mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), na rafu ya nyuma imejaa mizoga ya vyombo ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Wazo lilitoka kwenye rafu hiyo. Tutengeneze meza yenye mbao nne, na kila ubao ufanye kazi ileile moja kwa vifaa vya wakati wake: ujumlishe moja na moja.

Kompyuta inajua tarakimu mbili tu, 0 na 1, kwa hiyo ikijumlisha 1 na 1 vidole vyake vimekwisha hapohapo. Inabidi ifanye kile tulichofundishwa tukiwa wadogo: andika sifuri, shika moja. Tutaweka swichi mbili, A na B, na taa mbili za kujibu: taa ya kuandika na taa ya kushika. Ukibonyeza swichi moja, inawaka ya kuandika. Ukibonyeza zote mbili, ya kuandika inazimika na ya kushika inawaka. Ni hayo tu.

Wasaidizi wangu ni wawili, wa mwaka wa tano: msichana mwenye mkono mtulivu wa kulehemu, na mvulana mwenye maswali. Sharti letu: hatununui kitu isipokuwa risasi ya kulehemu na betri. Mengine yote yatoke kwenye mizoga.

Jumatano, 10 Septemba

Tumeanza na rilei, swichi zinazovutwa na sumaku, ambazo kwenye daftari za shule hazimo. Vizazi huhesabiwa kuanzia lampu, lakini kabla ya lampu kulikuwa na mashine zilizohesabu kwa vipande vya chuma vinavyovutwa na sumaku. Konrad Zuse alimaliza yake, Z3, mjini Berlin mwaka 1941, ikiwa na rilei zaidi ya 2,000 na mapigo kama 5 kwa sekunde. Mabomu ya vita yaliiteketeza mwaka 1943. Mimi naiita kizazi sifuri, na mkaguzi wa shule akikataa tutaongea.

Tumepata rilei mbili za volti 12, zenye miguu minane kila moja, kwenye kisanduku cha pampu ya maji. Taa ya kushika ilikuwa rahisi: mkondo upite rilei A kisha rilei B, moja ikikataa basi. Mvulana alikwama kwenye taa ya kuandika. Iwake A ikibonyezwa, iwake B ikibonyezwa, lakini isiwake zikibonyezwa zote? Alichora, akafuta, akachora. Mwisho nilimpeleka kwa jirani mwenye nyumba ya ghorofa, nikamwambia awashe taa ya ngazi kwa swichi ya chini, apande, aizime kwa swichi ya juu. Kila fundi umeme wa hapa ameshafunga ile va-et-vient mara mia: swichi mbili, taa moja, na kila unapogusa yoyote taa inageuka. Alisimama ngazini akiiwasha na kuizima mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama tunalipa umeme sisi.

Saa kumi na mbili jioni ubao wa kwanza ulijumlisha. Tak, kisha tak. Kila rilei inakula karibu theluthi moja ya wati.

Jana ilikuwa tarehe 9 Septemba. Siku kama hiyo mwaka 1947, mafundi wa mashine ya rilei ya Harvard Mark II walikuta nondo amenasa ndani ya rilei, wakambandika kwa utepe kwenye daftari lao la kazi. Watu hupenda kusema ndipo hitilafu za kompyuta zilipoanza kuitwa mdudu. Si kweli, mafundi walikuwa wakisema hivyo tangu karne ya 19; ndiyo maana waliona nondo huyo ni kichekesho. Sisi tumekuta mende wawili kwenye kisanduku cha pampu, hatukuwabandika popote.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa nilipita kwa mzee jirani yetu, mstaafu wa ofisi ya mishahara ya kampuni moja ya migodi. Nilikuwa nimesikia ana kadi za kutoboa, zile za kulishia mashine hesabu kwa matundu. Anazo. Nyingine amezitia kwenye kitabu cha nyimbo kama alama za ukurasa, nyingine mama aliziandikia bei za unga.

Nimeshika moja kwa mara ya kwanza maishani. Karatasi ngumu kuliko daftari, laini kuliko boksi. Safu 80 kwenda kulia, mistari 12 kwenda chini, na matundu membamba ya mstatili. Mpangilio huo wa safu 80 ni wa IBM, wa mwaka 1928, ingawa kadi zenyewe ni za zamani zaidi: Herman Hollerith alizitumia kwenye sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na kampuni yake ni mojawapo ya zile zilizoungana na baadaye kuitwa IBM. Pembe moja imekatwa mshazari. Nikamuuliza mzee kwa nini.

"Ili uone kwa jicho moja kama kuna kadi imegeuka. Rundo zima pembe zinalingana, iliyogeuka inajitokeza."

Kisha akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukisoma popote. Alizipanga zile kadi zikawa rundo, akaligeuza upande, na juu ya kingo zao kulikuwa na mabaki ya mstari wa kalamu nyekundu uliopita mshazari, kutoka kona moja hadi nyingine. Rundo likianguka, unatazama ule mstari. Ukiwa umenyooka, kadi ziko kwenye zamu zao. Ukivunjika, unajua ni ipi imeruka na inatakiwa kurudi wapi. Akasimulia usiku mmoja kijana wa ofisi alipoangusha trei nzima kuelekea siku ya mshahara. Hakukuwa na mstari, kijana alikuwa mgeni. Walipanga hadi jogoo la kwanza, wakitazama namba za watu moja moja.

"Mwanangu, kadi haikunjwi," alisema akininyang'anya ile niliyokuwa nikiipinda bila kujua. "Ukiikunja umekunja mshahara wa baba wa mtu."

Ameahidi kuja nazo siku ya maonyesho, kwa sharti arudi nazo zote.

Jumamosi, 20 Septemba

Lampu. Kwenye redio mbili kubwa za mbao tumepata ECC85 mbili. Ukiitazama ni chupa ndogo ya kioo yenye miguu tisa. Ndani kuna uzi unaopashwa moto, chuma kinachomwaga elektroni kikipata joto, sahani inayozipokea, na katikati yao wavu. Wavu ndio swichi. Ukiupa volti hasi kidogo unazirudisha elektroni nyuma, na hakuna chuma kinachosogea. Ndiyo siri ya mwendo wake: rilei ina kitu cha kuvuta, lampu haina.

ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Philadelphia Februari 1946, ilikuwa na lampu 17,468, uzito wa tani kama 30, na ilijumlisha mara 5,000 kwa sekunde. Waliobuni ni John Mauchly na Presper Eckert. Waliofanya iwe na kazi ya kufanya ni wanawake sita: Kathleen McNulty, Betty Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Programu yao haikuandikwa, ilichomekwa, nyaya kwa nyaya na swichi kwa swichi. Waliijua mashine ile hadi waliweza kukuonyesha ni lampu ipi imekufa. Msichana wangu aliniomba nirudie hayo majina ayaandike, nikayarudia polepole.

Kazi ya kwanza kubwa waliyoipa ENIAC, Desemba 1945, ilikuwa hesabu za wataalamu wa Los Alamos, maabara ya mabomu ya Marekani, kuhusu bomu la haidrojeni, na ilimeza kadi za kutoboa kama milioni moja. Mtu wa Katanga hasomi habari hiyo hivihivi. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wao wa mabomu ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Daftari za shule zinaanza kututaja kwenye betri na kobalti, kana kwamba tuliingia kwenye hadithi hii juzi.

Sasa msiba wa leo. Nilipima uzi wa lampu yetu: volti 6.3, ampea 0.43, yaani wati 2.7 za kupasha moto tu, kabla haijafanya kazi yoyote. Tuliilisha kwa transfoma kutoka umeme wa ukutani. Saa moja usiku umeme ukakatika. Ukarudi. Ukakatika. Uliporudi mara ya tatu, uzi wa lampu ya kwanza ulimulika mweupe kama radi ndogo ndani ya kioo, sekunde moja, kisha giza. Mita inasema umekatika. Uzi ukiwa baridi unapitisha mkondo mwingi kuliko ukiwa moto, kwa hiyo kila kuwasha ni kipigo.

Tommy Flowers alilijua hilo. Alikuwa mhandisi wa posta ya Uingereza, upande wa simu, na alipopendekeza mashine ya kuvunja siri za Wajerumani kwa lampu 1,600 walimcheka: zitakufa kila saa. Yeye alikuwa ameona kwenye mitambo ya simu kwamba lampu isiyozimwa inadumu. Colossus yake ilianza kazi Bletchley Park mwanzoni mwa 1944 nayo ikaachwa inawaka. Mafundi wa ENIAC nao waligundua kwamba lampu nyingi hufa wakati wa kuwasha na kuzima, wakaacha kuizima. Hata hivyo, muda mrefu kabisa iliowahi kufanya kazi bila hitilafu ni saa 116, mwaka 1954. Hazijafika siku tano.

Mashine ya kutozimwa kamwe! Ingekuwa imezaliwa hapa, kizazi cha kwanza kisingemaliza wiki.

Jumatano, 24 Septemba

Hakuna umeme tangu juzi. Hakuna kilichofanyika.

Jumamosi, 27 Septemba

Tumehamia kwenye betri moja kwa moja. Uzi unapata volti 6 kutoka betri ya taa ya dharura, sahani inapata volti 54 kutoka betri sita za volti 9 zilizopangwa mstari. Ni salama pia, sitaki watoto wacheze na volti 200.

ECC85 moja ina lampu mbili ndani ya chupa moja, na sisi tumebaki na chupa moja. Haitoshi kujumlisha. Inajibu swali moja tu: A au B? Tumeandika kwenye ubao "haijakamilika" na tumeacha matundu mawili ya soketi wazi. Mvulana alitaka tufiche transista nyuma ya mbao zimalizie hesabu. Nilimkatalia.

Wati 2.7 mara 17,468 ni zaidi ya kilowati 47 za kupasha moto nyuzi. ENIAC nzima ilikula kilowati kama 150. Darasa langu lina taa mbili, siku zikiwaka.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kutoka redio za betri tumeokota transista sita aina ya OC71, tano zikiwa hai. Ni vichupa vya kioo vyembamba vilivyopakwa rangi nyeusi, vyenye miguu mitatu. Rangi si ya urembo. Mvulana aliikwangua moja kwa kisu, tukaimulika tochi, na taa ya LED iliyounganishwa nayo ikazidi kung'aa. Tukafunika kwa kidole, ikafifia. Mwanga unaamsha mkondo ndani yake. Tumeirudishia rangi ya kucha ya dada yake.

Transista ya kwanza ilifanya kazi Desemba 1947 kwenye maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa John Bardeen na Walter Brattain, William Shockley akiwa kiongozi wa kundi. Wote watatu walipata Nobel mwaka 1956. Ilikuwa kipande cha gerimani kilichoguswa na ncha mbili za dhahabu zilizokaribiana kama unene wa karatasi. Ni swichi kama lampu, ila haina uzi wa kupasha moto, haina kioo cha kupasuka, haingoji ipate joto. Mwaka 1959 IBM ilitoa 7090, ambayo kwa muundo ni mashine yao ya lampu, 709, iliyojengwa upya kwa transista, na ilikuwa na kasi mara kadhaa ya ile ya zamani. Hicho ndicho kizazi cha pili.

Gerimani. Jina linatokana na Ujerumani, alikoigundua Clemens Winkler mwaka 1886. Lakini ukitaka kuiona inakotoka, panda gari hapa mjini na baada ya kilomita kama 30 umefika Kipushi. Mawe ya Kipushi, ya zinki na shaba, yana gerimani. Kuna hata jiwe lake maalumu, renierite, lililotambuliwa Kipushi na kupewa jina mwaka 1948, miezi tu baada ya ile transista ya kwanza. Mawe hayo yaliyeyushwa hapa Lubumbashi kwa miaka mingi kutafuta shaba, na yaliyobaki yakamwagwa kwenye mlima mweusi ambao kila mtoto wa mji huu anauchora akiambiwa achore nyumbani. Ule terril una gerimani ndani yake. Mwaka 2024 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilitangaza kwamba kampuni yake tanzu, STL, imeanza kuisafirisha nje baada ya kuitoa humohumo.

Niliwapeleka wanafunzi nje ya kibanda, mahali unapouona mlima kwa mbali juu ya mabati, nikawawekea OC71 kiganjani. Sikuongeza neno. Sijui gerimani ya hiki kichupa ilitoka wapi, na siwezi kudai ilitoka hapa. Lakini walitazama mlima, wakatazama kichupa, wakatazama mlima.

Ubao wa tatu unajumlisha, kwa betri moja ya volti 9.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niliandika mapema mno.

Saa tatu asubuhi ubao wa transista ulikuwa sahihi. Saa nane mchana, jua la Oktoba likiwa juu ya mabati na mvua bado kuja, msichana aliita: "Mwalimu, njoo! Ile kintu iko inawaka yenyewe!" Kweli. Swichi zote ziko chini, hakuna aliyegusa, na taa ya kushika inawaka. Hafifu, lakini inawaka. Sifuri na sifuri imetoa moja ya kushika. Ukiwa na mashine ya mishahara kama hiyo utajua mwenyewe.

Tulitafuta waya uliogusana kwa saa nzima. Nikabadilisha transista, ikawa vilevile. Kilichotufungua macho ni uvivu: msichana alijifuta jasho kwa kitambaa chenye maji, akakiweka mezani juu ya ubao. Taa ikafifia. Akakiondoa, baada ya dakika mbili ikarudi. Akakirudisha, ikafifia tena. Tulicheka kama wehu.

Gerimani inavuja. Hata ukifunga mlango, mkondo kidogo unapenya, na kila nyuzijoto kama 10 zikiongezeka mvujo unakaribia kuongezeka maradufu. Chini ya mabati yangu kipimajoto kilisoma 41. Kuvuja huko ndiko kulikowasumbua hata wenye maabara nzuri, na ndiko kulikoifanya silikoni ishinde, ingawa ilikuwa ngumu zaidi kuitakasa. Mwaka 1954, kwenye mkutano wa wahandisi huko Dayton, Ohio, Gordon Teal wa kampuni ya Texas Instruments alitoa transista za silikoni mfukoni na kuthibitisha kwa mafuta ya moto: gramafoni yenye transista ya gerimani ikanyamaza ilipochovywa, yenye silikoni ikaendelea kuimba. Wahandisi wakakimbilia simu.

Dawa yetu ni ya bei nafuu zaidi: rezista (kizuizi cha mkondo) ya kilo-ohm 2.2 kati ya beisi na emita, miguu miwili ya kila transista, ili mvujo upate njia ya kutokea bila kujiongeza. Tumefunga, tumengoja, sifuri na sifuri ni sifuri.

Nimewaambia wasiifiche hii. Siku ya maonyesho tutatoa zile rezista kwanza, tuwaonyeshe mvujo, ndipo tuzirudishe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ubao wa nne ulimalizika kabla ya chai. Kwenye printa ya zamani ya sindano kulikuwa na chipu 7400 kibao, ndizo saketi unganifu: plastiki nyeusi, miguu 14, na ndani milango minne ya mantiki, yaani vijisaketi vinavyoamua sifuri au moja. Milango minne inatosha taa ya kuandika. Kwa taa ya kushika ungehitaji wa tano, na mvulana tayari alikuwa anachomoa chipu ya pili, lakini kuna ujanja: mlango wa kwanza unashuka hadi sifuri pale tu A na B zikibonyezwa zote, kwa hiyo ukiifunga LED kinyume, kutoka kwenye umeme kuingia kwenye mlango, inawaka mlango ukishuka. Chipu moja, hesabu yote, miliampea kama 10.

Ubao wa transista una viungo vya risasi 38. Nimevihesabu kimoja kimoja. Mashine kubwa za kizazi cha pili zilikuwa na maelfu kwa maelfu ya viungo vya namna hiyo, na kila kiungo ni mahali pa kuharibikia. Tatizo la kizazi cha tatu halikuwa tena swichi. Lilikuwa mkono wa mlehemu. Julai 1958 wafanyakazi wa Texas Instruments walikwenda likizo. Jack Kilby alikuwa mgeni, hakuwa na haki ya likizo bado, akabaki peke yake kwenye maabara akifikiria mbona vipande vyote visitengenezwe ndani ya kipande kimoja. Tarehe 12 Septemba aliwaonyesha wakubwa zake kipande cha gerimani (gerimani tena!) chenye nyaya nyembamba zikining'inia. Miezi michache baadaye Robert Noyce wa Fairchild akapata njia bora: silikoni, na nyaya zenyewe zichapwe juu yake. Tunachotumia leo kimefuata njia ya Noyce.

Daftari la shule linasema kizazi cha tatu ni IBM System/360 ya mwaka 1964. Kwa kweli ndani ya 360 hazikuwa saketi unganifu kamili, ni vipande vidogo vilivyopangwa kwenye kigae. Sitamnyima mtoto alama kwa hilo, ila nawaambia: vizazi havikuzaliwa kwa kengele. Vinapandana kama mabati.

Kwa upande wangu wa fundi kuna kinachoniuma. Lampu ikifa unaichomoa. Transista ikifa unayeyusha risasi, unatia nyingine. Mlango mmoja wa 7400 ukifa unatupa yote minne. Kila kizazi kinaharibika mara chache kuliko kilichotangulia, na kila kizazi kinanipunguzia kazi za mikono.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kizazi cha nne hakina ubao. Hakiwezekani kuwa na ubao. Tumeweka kompyuta nzima yenye mikroprosesa ya Pentium 4 ya mwaka 2002, iliyofunguliwa ubavu, na programu ya mistari mitatu inayojumlisha 1 na 1.

Mikroprosesa ya kwanza kuuzwa, Intel 4004, ilitangazwa Novemba 1971 ikiwa na transista 2,300. Ilizaliwa kwa sababu Busicom, kampuni ya Japani ya mashine za hesabu, ilikuwa imeagiza chipu nyingi tofauti, na Ted Hoff akaona heri chipu moja inayotii programu. Federico Faggin na Masatoshi Shima wakaichora. Pentium 4 yetu ina milioni 55, kwenye kipande kama ukucha wa kidole gumba, na inakula wati kama 60. Gawanya: karibu maikrowati moja kwa kila transista. Lampu yetu ya redio ilikula milioni mbili na zaidi ya hizo. Lakini wati 60 kwenye ukucha mmoja ni jiko. Tulipoiwasha ilijizima baada ya dakika nne; dawa ya joto chini ya feni ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi. Joto lililowatesa wenye lampu lilirudi kwa mlango wa nyuma, na mwaka 2004 Intel ilifuta mrithi wa Pentium 4 na kugeukia prosesa zenye viini viwili badala ya kuendelea kukimbiza kasi.

Mvulana kauliza kizazi cha tano kiko wapi. Daftari linasema: akili bandia, tangu miaka ya 1980 hadi leo na kesho. Mimi simo. Mwaka 1982 Japani ilianzisha mradi wa miaka kumi kwa jina hilohilo, Kizazi cha Tano, mashine za kufikiri kwa mantiki zikifanya kazi sambamba. Muda ulikwisha na dunia haikuzifuata. Jina likabaki linaelea, kila mtu analibandika anapotaka. Vizazi vinne vya kwanza vimehesabiwa kwa swichi iliyo ndani. Simu yenye akili bandia ukiifungua utakuta transista za silikoni. Nimemwambia kwenye mtihani aandike linavyosema daftari, na mezani tuache nafasi tupu bila kibao.

Ijumaa, 7 Novemba

Maonyesho yamefanyika. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, umeme hakuna, Pentium 4 ikakaa kimya kama jiwe. Mbao za betri zilifanya kazi zote.

Sikutegemea kilichowakamata. Ni lampu. Msichana aliwasha uzi na kusema ngojeni. Wanafunzi zaidi ya 50 walinyamaza karibu nusu dakika wakitazama chupa ikianza kuwa nyekundu, polepole, hadi taa ikakubali. Hawajawahi kuona kitu cha umeme kinachoomba subira. Gerimani haikuvuja, kwa sababu ya baridi ya mvua. Ilibidi tuipashe joto kwa pumzi za mvulana mmoja baada ya mwingine, na hata hivyo ilimulika kidogo tu.

Mzee alikaa karibu na ubao wa rilei akiwa amevaa tai. Alimwaga kadi zake chini makusudi, akawapa watoto wanne wazipange kwa mstari mwekundu. Walimaliza chini ya dakika tatu, akawapigia makofi.

Bado: ECC85 moja au mbili (mwenye redio ya mbao iliyokufa anione), soketi za miguu tisa, dawa ya joto.

Jioni mzee alihesabu kadi zake mara mbili. Alikuja na 42, anarudi na 41. Jumatatu nitauliza darasani.